Siku Nitrojeni Ilipoisha

"Binti, tufungue jedwali la tisa," Profesa Methodius, mtahini wake, akasema kwenye kompyuta, na moyo wa Kabula ukalipuka.

Alikuwa Bariadi, kwenye steshenari ya dada yake Mwandu. Alikuja kumuuguza mama aliyevunjika nyonga, ndiyo maana tasnifu yake ya udaktari aliitetea kwa njia ya mtandao. Mwandu alisimama mlangoni, akiwazuia wateja wa fotokopi kwa mikono. Akifeli leo, miaka minne imekwenda na maji.

"Umeandika kwamba sampuli yako ya alumini ilikuwa kwenye baridi kali muda wote," profesa akaendelea. "Kwa baridi hiyo, atomu za potasiamu hukaa juu ya alumini tu. Zako zimeng'oa atomu za alumini na kukaa kwenye mashimo yake. Umegundua jambo jipya, au?"

Mtihani gani huu jamani! Kabula aliijua siku yenyewe. Nitrojeni ya kupoozea ilimwishia, sampuli ikapata joto la chumba kwa saa mbili, naye nitrojeni nyingine ilipoletwa akaipoza upya, akanyamaza. Kipimajoto kilirudi palepale, akajidanganya kwamba na atomu zitarudi zilikokuwa. Thubutu! Zikishaingia mashimoni kwa joto, hata uzipoze vipi hazitoki.

Angesema tu "ndiyo, ni jipya," na msimamizi wake, Dokta Philomena, aliyekuwa akitabasamu kwenye kioo cha kompyuta, angemtetea kufa na kupona. Mwandu, asiyejua hili wala lile, akamkonyeza kumtia moyo.

"Si jipya," Kabula akasema. "Sampuli ilipata joto. Nitrojeni iliniishia, baadaye nikaipoza sampuli tena, nikaficha. Naombeni mnisamehe."

Dokta Philomena akainamisha kichwa. Nje, lori la pamba lilipiga honi, na Kabula akaruka kwenye kiti.

Profesa akainua daftari mbele ya kamera. "Hili ni daftari la nitrojeni la maabara, ninalo tangu jana. Siku ile mtungi ulikuwa mtupu, na aliyeandika ni wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ungeniambia umegundua kitu, leo hii ningekufukuzisha chuo. Karudie vipimo, uandike joto la kweli. Nakupa miezi sita."

Kikao kikafungwa.

"Umefaulu?" Mwandu akauliza.

"Bado," Kabula akasema. "Lakini sijafukuzwa." Kisha akaangua kilio mbele ya wateja wote, bila hata kuona aibu.