Sare ya Dorice

Damu haitoki kwa maji ya moto. Yanaipika, inang'ang'ania kwenye uzi mpaka nguo inachakaa nayo. Nyanzala alilijua hilo tangu usichana wake, ndiyo maana sare nyeupe ya bintiye aliilowesha kwenye maji baridi ya kisima siku nzima, akaisugua kwa sabuni ya mche, akaianika, akaiangalia juani. Kiunoni bado palikuwa na doa, rangi ya chai kavu. Akairudisha kwenye beseni.

Ilikuwa damu ya Mariana, mke wa Malale, aliyezikwa jana.

Dorice alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la uji likimpoea mikononi. Ni yeye aliyemzalisha Mariana, peke yake, Jumanne mchana. Mtoto alitoka vizuri, akalia. Kondo likafuata. Halafu damu ikaja, na haikukatika. Sindano ya kuikata ilikuwa imekwisha kabatini tangu mwezi uliopita. Alimpigia Sista Eufrazia, muuguzi mwajiriwa mwenye dhamana ya zahanati, simu haikupatikana. Akaomba gari la wagonjwa, akajibiwa kwamba liko gereji. Wakampakia Mariana kwenye bodaboda, mumewe amemkumbatia kwa nyuma asianguke, na kabla hawajaifikia barabara ya Mpanda Malale akamgusa dereva begani, akamwambia apunguze mwendo, haraka imekwisha.

Kijiji kizima kilimwita Dorice nesi. Cheti cha uuguzi na ukunga alikuwa nacho, kimefungwa kwenye nailoni chini ya godoro. Ajira ndiyo hakuwa nayo. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kujitolea: alfajiri anafungua mlango, jioni anafunga, katikati anapima malaria, anafunga vidonda, anachoma chanjo, anazalisha. Sista Eufrazia alikuwa na duka la dawa Mpanda mjini, na kijijini alionekana mwisho wa mwezi, ripoti zinapotakiwa. Siku ya kwanza kabisa alimsogezea Dorice daftari la wazazi, akamwambia, "Andika wewe, mdogo wangu, lakini saini weka yangu. Kitabu hakimtambui anayejitolea."

Mara moja tu Dorice alitaka kuacha. Shangazi yake aliyeko Ikola alikuwa amemwita wakafanye biashara ya dagaa. Nyanzala ndiye aliyekataa. Alisema hakuuza ng'ombe wa mama yake ili mtoto akaanue dagaa. Vumilia, mwanangu, alimwambia; redio imesema ajira zikitoka wataanza na waliojitolea.

Kwa hiyo mtendaji alipopita Alhamisi kutangaza kwamba kesho wageni wa halmashauri wanakuja kuangalia habari za wahudumu wa zahanati, Nyanzala alijua ni nini. Ni ile ya kwenye redio. Msiba wa Mariana aliuweka upande wake. Wanawake wanakufa na uzazi tangu dunia iumbwe, nani ataleta gari kwa ajili hiyo?

Jioni Dorice alisema, "Mama, kesho usije zahanati."

"Kwa nini?"

"Usije tu."

Nyanzala hakubishana. Huyu mtoto hakujua kujisemea, tangu mdogo yuko hivyo. Darasani alikuwa akijua jibu na hanyooshi kidole.

Asubuhi Dorice aliondoka mapema, na Nyanzala alipoingia chumbani akaikuta sare inaning'inia msumarini, palepale alipoitundika baada ya kuipiga pasi ya mkaa. Akajishika kiuno. Siku ya wageni, na mtoto amekwenda na kitenge! Alimchinja jogoo aliyekuwa akimsubirisha Pasaka, akampika, akapika na wali. Akavaa kitenge chake kipya. Hotpoti kichwani, sare mkononi imekunjwa vizuri, doa kwa ndani, akaenda.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya baraza. Ndani, kwenye meza ya dawa, alikaa mzee mmoja wa miwani, Bwana Amedeus, na kijana wa kiume wa kuandika. Sista Eufrazia alikuwa amesimama dirishani, sare yake inameta. Dorice alikuwa pembeni, ameshika ufagio.

"Umesahau sare yako, mwanangu," Nyanzala akasema, akamnyooshea.

Dorice hakuipokea. Aliitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyekwisha mgonga.

Bwana Amedeus alivua miwani. Alisimama kabisa, akampisha Nyanzala kiti, akamwita mama. Ni muda mrefu hakuna mtu wa serikali aliyempisha Nyanzala kiti. Akamuuliza kwa upole, huyu binti ni wake? Tumeambiwa hapa anafagia tu.

"Anafagia?" Nyanzala alicheka. "Baba, nani kakudanganya? Huyu ndiye nesi wetu. Nyie ulizeni kijiji. Watoto wote wanaokimbia huko nje, wa miaka hii mitatu, kawapokea yeye kwa mikono yake."

"Mama," Dorice akasema.

"Niache niseme, wewe huwa husemi."

"Na Mariana?" Bwana Amedeus akauliza.

"Naye. Alihangaika naye peke yake mpaka mwisho, masikini. Angalia," akaifunua sare, akamwonyesha kiunoni. "Siku mbili nafua."

Kalamu ya yule kijana ilikuwa inakimbia. Sista Eufrazia aliangalia sakafu. Nyanzala akafunguliwa daftari la wazazi, akaulizwa kama mwandiko ule anaujua. Nyanzala hakusoma, lakini Dorice alimfundisha kuandika jina lake, kwa mkaa ukutani, na ile y yenye mkia uliopinda kama ndoano angeitambua popote. Bwana Amedeus akasoma kwa sauti: mtoto yu hai, mama yu hai, mtoto yu hai, mama yu hai, ukurasa baada ya ukurasa. Mstari wa mwisho ulisema mtoto yu hai, halafu pakaachwa wazi.

"Ni wake," alisema. "Anaandika vizuri, eti?"

"Vizuri sana. Na saini hii?"

"Ya Sista. Lakini kaiweka mwanangu. Sista mwenyewe alimwambia aiweke."

Kalamu ikasimama.

"Hilo ulilisikia kwa masikio yako, mama, au uliambiwa?"

"Niliambiwa na mwanangu."

"Basi hilo hatuliandiki," Bwana Amedeus akasema, bado kwa upole. Sista Eufrazia akamuuliza, "Shemeji, maji ya kunawa?" na akafunua hotpoti.

Walikula. Walipomaliza walimpa Nyanzala karatasi aweke dole gumba. Alikataa wino, akaomba kalamu. Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, na ile y akaivuta mkia. Yule kijana aliisogeza karatasi karibu na daftari, akatazama huku, akatazama huku, akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo Bwana Amedeus alipoeleza kwamba kutibu bila ajira na kughushi saini ya mtumishi ni makosa, na kuna mtu amekufa. Polisi Mpanda watayasikiliza. Sare waliitia kwenye mfuko wa nailoni. Dorice alipanda nyuma mwenyewe, bila kushikwa. Nyanzala alikuwa akiongea, akirudia kwamba wamemwelewa vibaya, kwamba sivyo alivyosema, na kila alipoishika nguo ya mtu, mtu huyo alimtoa mkono kwa heshima. Sista Eufrazia alifunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo mkobani, akapanda mbele. Yeye ni shahidi.

Vumbi lilikuwa halijatua baiskeli ilipotokea upande wa Litapunga. Mwanamume anaisukuma, mkewe kwenye keria, mikono miwili chini ya tumbo.

"Mayu, mama yetu, nesi yupo?"

Nyanzala alinyoosha kidole barabarani, kwenye vumbi.

"Si wewe mama yake nesi?" mwanamume akasema. "Tufungulie basi. Tumeanza safari tangu alfajiri."

Mwanamke alikwisha shuka. Alishika nguzo ya baraza, akainama, akapumua kwa meno. Maji yalikuwa yanamtiririka miguuni.

Nyanzala alilitazama kufuli. Akafungua kitenge chake, akabaki na gauni la ndani, akakitandika kwenye saruji kando ya ufagio aliouacha Dorice. Kilikuwa cha Pasaka, hakijaingia maji hata mara moja.