Pedali ya Mguu wa Kushoto

Tangu avunjike mguu wa kulia miezi mitatu iliyopita, mpiga dramu hakuwa na raha, na si kwa maumivu. Kilichomkera ni mdogo wake wa kiume. Alimwomba amshikie kiti kwenye bendi mpaka apone, mwenzake akakikalia kama amerithi! Sasa kifundo cha mguu kimegoma kukunjika, na Mzee wa Besi, mwenye bendi, ameshatamka: Jumamosi wapige wote wawili, atakayeshindwa afungashe virago.

Haya. Dada wa watu hakukaa kulia. Aliazima jiriwa ya kubania chuma kwa fundi baiskeli, akaifunga kwenye meza ya jikoni, akaunganisha pedali mbili kwa fimbo ya chuma. Kibao cha kukanyagia cha mguu wa kulia alikitoa kabisa. Ukikanyaga cha kushoto, fimbo inazunguka, na nyundo inaigonga dramu kubwa. Vifaa vyake ni msumeno, tupa na drili ya mkono, basi. Alichubuka vidole, lakini kitu kikaitika: du, du, du.

"Utatuaibisha, dada," mdogo wake alisema akiwa mlangoni. "Bendi si gereji."

"Nitokee hapa kabla sijakurushia spana."

Ijumaa asubuhi alikuta unga wa chuma chini ya jiriwa. Jamani, na jana yake alifagia mpaka miguuni mwa meza! Akaipapasa fimbo. Katikati, ukucha ukanasa: mkato wa msumeno, umezama hadi nusu ya chuma, umefukiwa kwa rangi nyeusi ya viatu. Nyumba hiyo wanaishi wawili tu, yeye na mdogo wake. Hasira zilimpanda. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi! Alikata fimbo nyingine, akaichonga, akaitia mkobani.

Jumamosi, mbele ya bendi nzima, akaifunga ile fimbo mbovu kwenye pedali.

"Mdogo wangu aanze," alisema. "Asije akadai nimependelewa."

"Vifaa ni hivyohivyo kwa wote," akasema Mzee wa Besi. "Kaa, kijana."

Kijana akakaa, akizungusha vijiti kwa maringo. Akatazama chini. Mguu aliokwisha kuunyanyua ukabaki hewani.

"Piga basi!"

"Hiki kitu hakifai. Kitakatika."

Mzee wa Besi akainama, akaikagua fimbo. "Mbona sioni kitu? Kitakatika wapi?"

"Hapo hapo kati..." Kidole kilikuwa kimeshaelekea penyewe.

Mzee wa Besi akakwangua kwa ukucha, rangi ikatoka, mkato ukaonekana.

"Inuka," alisema.

Dada akatoa fimbo nzima mkobani, akaifunga, akakaza nati mwenyewe. Mdogo wake alisimama ukutani, macho chini.

"Dada, mimi..."

"Nikirudi nyumbani nisikukute."

Akapiga. Alipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na kila nyundo ilipotua alitamani ingekuwa inamgonga mdogo wake.