Ukuta wa Pedocin

Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na Ottavia na mdogo wake Tobia hawakuwa hata na dalili za usultani. Walishuka kwenye treni ya usiku na mabegi yao ya mgongoni, shingo zimepinda kwa kulalia viti, wakanawa nyuso kwenye bomba la stesheni, kisha wakaingia mjini Trieste kwa miguu. Kahawa waliinywa wakiwa wima kaunta, maana ukikaa mezani unalipia na kiti. Mkate wao waliulia kwenye lile gati refu lililo mbele ya uwanja mkubwa, miguu ikining'inia juu ya maji, na Tobia akasema mji huu ungemfaa kuishi.

"Hujauona hata robo," Ottavia alimwambia. "Na uvae kofia, jua linakupiga."

"Haya," Tobia akajibu, akavaa kofia.

Kijana alikuwa na miaka ishirini, na kifafa alikuwa nacho tangu utotoni. Kwao Foligno, mji wa milima na dengu, usio na bahari, hakuna asiyelijua jambo hilo, kuanzia padri mpaka muuza magazeti. Mama yao alikubali safari kwa sharti moja: Ottavia asimwondolee macho, na vidonge akae navyo yeye. Kidonge cha mchana kikikosekana, Tobia huanguka. Aliwahi kuanguka ndani ya beseni la kuogea, na Ottavia ndiye aliyemtoa, na tangu siku hiyo maji yoyote yanayopita goti yalimtia hofu ya kweli. Mtu atauliza, sasa kwa nini akampeleka baharini? Kwa sababu Tobia alimwomba tangu Krismasi, na yeye alimpenda.

"Nitaingia mpaka magotini tu," Tobia aliahidi.

"Na mimi nitakuwa ubavuni pako."

Muuza kahawa ndiye aliyewaelekeza. "Kama mfuko umetoboka, nendeni Pedocin. Hamtapata ufuo rahisi kuliko ule." Habari za ukuta hakuwaambia. Mtu wa Trieste hawezi kukumbuka kumweleza mgeni kuhusu ukuta ule, kama wewe usivyokumbuka kumweleza mgeni kwamba nyumba yako ina paa.

Getini kulikuwa na milango miwili, wa wanaume na wa wanawake. Ottavia alidhani ni vyumba vya kubadilishia nguo. Akampa Tobia taulo, akamchukulia begi na simu visije vikaibwa, akamwambia, "Tukutane ufuoni. Usiguse maji kabla sijafika." Kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza.

Alipotokea upande wa pili alikuta kokoto, jua kali, na wanawake peke yao. Vibibi, wajawazito, mama wenye watoto wachanga, wengine wamelala vifua wazi bila habari na mtu. Hapakuwa na mwanamume hata wa dawa. Na kushoto kwake ulisimama ukuta mweupe, mrefu kumzidi mtu yeyote, uliotoka getini ukateremka mpaka ukazama baharini.

"Samahani, mama, wanaume wako wapi?"

Bibi mmoja mnene alifungua jicho moja. Jina lake Nerina. "Wako kwao, binti, Mungu asifiwe. Ukuta huu upo tangu enzi mji huu ukiwa wa mfalme wa Austria, na siku wakiubomoa mimi nahamia makaburini. Mume wangu Livio yuko upande ule. Unadhani tumedumu vipi kwenye ndoa?"

Wenzake wakacheka.

"Mdogo wangu yuko huko peke yake."

"Ana umri gani?"

"Ishirini."

"Ishirini! Nami nilishaanza kumwonea huruma, nikadhani bado ananyonya."

Ottavia alirudi getini mbio. Mkata tiketi akamwambia mwanamke haingii kule, sheria ni sheria, kijana akichoka atatoka mwenyewe. Akampigia Tobia simu, nayo ikaitikia ndani ya begi lililokuwa mgongoni mwake. Kengele za kanisa zikalia adhuhuri. Kidonge cha mchana kilikuwa kiganjani mwake, na alikishika kwa nguvu mpaka kikaanza kuloa jasho.

Akarudi ukutani, akabandika sikio. Alisikia mawimbi, na karata zikipigwa mezani kwa kishindo, na wazee wakimzodoa mwenzao. "We mla dengu wa milimani! Hiyo ndiyo karata ya kutupa? Rudi kwenu ukachunge kondoo!" Kicheko kikapasuka. Ottavia hakuyatilia maanani. Alichokisikilizia ni kishindo cha mtu anayeanguka majini.

"Tobia!" aliita. "Tobia!"

Hakujibiwa. Nerina alipomwona hivyo akaacha utani, akavua kiatu chake cha mbao na kuugonga ukuta. "Livio! Yuko kijana mgeni huko, anaitwa Tobia?"

"Tuko mchezoni, mwanamke!"

"Yupo au hayupo?"

"Vijana wamejaa tele! Niwaulize na majina ya ubatizo?"

Basi Ottavia akatupa mabegi kwenye kokoto, akaingia baharini. Kuogelea hakujua. Aliufuata ukuta kwa mkono mmoja, mkono wenye kidonge ameuinua juu, kokoto zikimteleza miguuni, maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, na ukuta bado haujaisha. Hapo akamwona Tobia waziwazi akilini, amelala kifudifudi majini, na watu wakidhani anacheza. Akapiga kelele kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Jamani, mwangalieni ndugu yangu! Ana kifafa! Hajanywa dawa, ataanguka, atakufa majini! Jamani, msimwache peke yake!"

Ufuo mzima ukanyamaza, pande zote mbili. Hata karata zilinyamaza. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta, karibu, kavu.

"Niko hapa, Ottavia."

"Tobia! Umeingia majini?"

"Sijaingia. Nacheza karata."

"Kidonge chako..."

"Nimeshakunywa. Nilimwomba daktari anipe vyangu kabla hatujaondoka. Viko mfukoni mwa kaptura."

"Nimekuita mpaka koo limekauka! Hukunisikia?"



"Nilikusikia."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Nilikuwa nashinda," Tobia alisema.

Nerina na mwenzake walimtoa Ottavia majini, wakamfunika taulo, wakamketisha kwenye kivuli cha ukuta. Alilia, akacheka, akalia tena. Yu mzima! Nerina akampa kipande cha pichi. "Kula, binti. Mzima kabisa huyo, na tena mjanja. Livio wangu hashindwi karata na mtu."

Ottavia akala, akaegemeza kichwa ukutani kuwasikiliza. Sasa aliutaka mchezo uendelee. Alitaka kumsikia Tobia akishinda.

Mchezo ukaanza tena, lakini karata ziliwekwa mezani taratibu. Hakuna tena aliyemwita Tobia mla dengu. Hakuna aliyemwambia akachunge kondoo. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akavuta kiti. Kisha Livio, yule yule aliyekuwa akifoka, akasema kwa sauti ya chini, laini, kama ya mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Umeshinda tena, mwanangu. Vizuri sana. Ukichoka useme, eh? Na usikae hapo juani. Sogea huku kivulini, nikuone."

Ottavia akaacha kutafuna. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno, ya kila siku.

Upande wa pili kiti kiliburutwa juu ya kokoto, na Tobia akamjibu mzee yule kama alivyozoea kumjibu dada yake.

"Haya."