Gari la Wake wa Madereva

...na si kwamba hana haraka, haraka anayo tangu jana, ila gari lenyewe liko wapi, steji nzima ya Utange imefurika watu na barabara tupu, matatu zimegoma, bodaboda nazo zimepandisha bei mpaka unacheka kwa uchungu, "Leo hata ulie dada'ngu, hupandi kitu," anasema Salha muuza mahamri, lakini Nyamvula hamsikii vizuri, macho yako kwenye simu, anausoma tena ujumbe wa Vivian, shoga mbona hukuja, sisi wake wa madereva tumepelekwa sote alfajiri kabla magari hayajafungiwa, mimi nishafika kazini Nyali, na aliyetuendesha ni mumeo... mumeo, yaani Gershom, Gershom huyu huyu aliyemwambia jana lala mke wangu, usihangaike, kesho gari zipo kama kawaida, na mgomo wameupanga kikaoni naye kikaoni alikuwepo, pengine alimwamsha akashindwa, pengine alimwonea huruma kwa usingizi, ebo, huruma gani hiyo, na kengele ya simu aliyoitega Nyamvula kwa mkono wake mwenyewe nani aliizima, na gari lilipita mlangoni kwao, lazima, njia ni hiyo hiyo moja, limejaa wake wa wenzake, na yeye ndani amelala fofofo... mwaka mzima mume anasema mke wangu hatapikia wageni hotelini, watu watasemaje, halafu juzi ghafla akalainika, nenda mama, Mungu akubariki, akampigia blauzi pasi, mwanamume mzima na pasi ya makaa, na yeye, mjinga wee, akasimama kanisani Jumapili kumshukuru Mungu kwa mume kama huyo, wakampigia vigelegele, na intavyuu ndiyo asubuhi hii, walishasema atakayechelewa asijisumbue kuja, na sasa hivi wenzake wamekaa kwenye benchi wanaitwa mmoja mmoja... si angesema tu sitaki! Wangegombana, sufuria zingeruka, angenuna, wangepatana, lakini kumchekea usoni na kumfungia njia kwa nyuma, jamani, kosa lake nini, kutaka kupika?

"Simu yako hiyo inalia," anasema Salha, na kweli, ni Gershom, uko wapi mama, pole sana, huu mgomo umetushukia ghafla, hata mimi nimeamka nikakuta magari yamefungiwa, ningejua ningekupeleka mwenyewe, basi usijichoshe, kazi zipo nyingi, Mungu atatoa nyingine... sauti tamu, ile ile ya juzi, na mpaka hapo Nyamvula alikuwa bado anamtafutia udhuru, moyoni kabisa, angeungama tu angemlilia, angemtukana, kisha angerudi kwake, sasa anasikiliza na hasira haiji, machozi hayaji, anamsikiliza kama anavyosikiliza mtu baki anayemuuzia kitu.

"Haya baba Mungu akubariki, wala sikutoka," anamjibu polepole, kwa adabu zote, amesimama palepale steji, "niko nyumbani, nakupikia," na uongo wake wa kwanza tangu waoane unamtoka laini, wala haumuumi.