Kunyweni Kahawa Yenu

Siku ya posa Abu Sattam alikaanga kahawa mwenyewe. Wanawake wa nyumba walitaka kununua iliyosagwa dukani, akawafukuza jikoni kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kikaango.

"Tangu lini washenga wakanyweshwa kahawa ya pakiti? Mnataka waseme Abu Sattam amezeeka?"

"Kwani hujazeeka, Babu?" akauliza mjukuu wake Rahaf, ambaye ndiye aliyekuwa akiposwa.

"Nimezeeka. Lakini hilo si la wao kulisema."

Rahaf alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji. Baba yake, Sattam, alifia jeshini akimwacha bado ananyonya, na babu ndiye aliyemlea. Mchumba wake, Qutayba, aliuza dawa dirisha la pili kutoka wodi yake. Vijana walikuwa wamekwisha kupatana wenyewe, kisha wazee wakaambiwa, na wazee wakajifanya kuwa wazo ni lao. Jambo hilo lilimfurahisha sana Abu Sattam, kwa sababu baba wa Qutayba alikuwa rafiki yake tangu walipolala hema moja jeshini. Mji mzima ulimwita Abu Qutayba, na ulizoea kuwaona wawili hao pamoja, mmoja akisema na mwingine akitikisa kichwa.

Aliyesema alikuwa Abu Sattam. Kila Ijumaa alimsomea Rahaf maoni yake, naye akayachapa kwenye ukurasa wa mji. Ain Duhayla ni mji mdogo. Kabla ya adhuhuri maoni hayo yalikuwa yamesomwa kwa kinyozi na kwa mwoka mikate, na walioyachukia waliyasoma mara mbili. Aliandika kuwa ukoo upige kura kwa neno moja. Aliandika kuwa harusi ya hotelini ni harusi ya watu wasio na jirani. Wiki chache kabla ya posa aliandika juu ya kahawa: kwamba finjani hutiwa kidogo tu, na ukiijaza mpaka mdomoni unamwambia mgeni anywe aende zake, na kwamba ujumbe wa wageni ukiweka finjani chini bila kunywa, mwenye nyumba muungwana husema "kunyweni kahawa yenu, haja yenu mmeipata" kabla hajaisikia haja yenyewe. Anayeuliza kwanza "haja gani?" huyo ni muuza duka.

"Na kama mgeni ni mwizi, Babu?" Rahaf aliuliza, vidole vikiwa bado kwenye simu.

"Mwizi haji na wazee. Chapa."

Kilichomnyima usingizi mwaka ule kilikuwa kile kiwanja cha kale cha kupuria ngano, katikati ya mji. Ngano haikupurwa pale tena, lakini watu walioana pale, walipeana pole za misiba pale, na sala ya Idi ilisaliwa pale. Wakati wa uchaguzi mgombea mmoja, mhandisi aliyerudi kutoka Amman, alitamka wazi kuwa angejenga jengo la maduka juu yake. Abu Sattam alimwandikia maneno ya kumkausha mate, akamwita mtu asiye na haya, akawahimiza wazee wampe kura Thamer, mtoto wa watu, aliyeapa mbele ya ukoo kuwa hata jiwe la kiwanja halitaondolewa. Thamer akawa meya. Miezi haikupita mingi, mabati ya mkandarasi yakasimamishwa pembeni mwa kiwanja.

Mwanzoni Abu Sattam aliamini kuwa meya hana habari. Alipogundua kuwa anazo, alikwenda kuweka pingamizi mahakamani. Aliyempeleka kwa gari lake alikuwa Abu Qutayba. Alimshikia fimbo alipokuwa akitia sahihi, na njiani kurudi wakala ufuta wa kukaanga na kumcheka meya. Kesi ilikuwa isikilizwe Jumapili, siku ya kazi huko, baada ya posa.

Ujumbe wa posa uliingia baada ya alasiri, wazee wa koo tatu wakiwa na majoho yao ya siku kuu. Aliyewatangulia akawa Thamer.

"Ndiye msemaji wetu," Abu Qutayba akamnong'oneza mwenye nyumba mlangoni. "Usinikunjie uso, ndugu yangu. Posa ikisemwa na meya ni heshima kwa binti."

"Angeisema hata fundi wa mabomba, ningemkubalia," akajibu Abu Sattam. "Ingieni."

Akamimina kwa mkono wake. Thamer akapokea finjani, akaiweka chini mbele yake. Wazee wote wakaweka zao. Chumba cha pili wanawake wakatega masikio ukutani.

"Abu Sattam," akasema Thamer, "tuna haja kwako, na hatunywi mpaka tupewe."

"Kunyweni kahawa yenu. Haja yenu mmeipata."

Vigelegele vikapasuka nyuma ya ukuta. Abu Sattam akainua mdila wa kahawa tayari kuongeza, lakini hapakuwa na mkono ulionyoshwa. Finjani zilikuwa bado chini.

"Mungu akuzidishie heshima," akasema Thamer. "Haja zetu ni mbili, na zote umetupa. Ya kwanza ni Rahaf kwa Qutayba. Ya pili, ule ugomvi wa kiwanja. Uondoe pingamizi, tuingie arusini mioyo ikiwa safi."

Kule upande wa pili vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Wao hawakuwa wamesikia.

Abu Sattam akamtazama Abu Qutayba. Yule aliyeshika fimbo yake mahakamani alikuwa akikitazama kidole chake cha gumba.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Tumeona ni kheri, Abu Sattam..."

"Sikuuliza mmeonaje."

Mzee mmoja mnene, ambaye hakutaka jioni yake iharibike, akakohoa. "Abu Sattam, si wewe uliyetufundisha? Sisi tumesoma. Muungwana haulizi kwanza." Akacheka kidogo. Wengine hawakumfuata.

Mwenye nyumba alikaa na mdila juu ya goti mpaka joto lake likamchoma. Kuwarudishia neno kulikuwa kumfukuza mchumba wa mjukuu wake mbele ya koo tatu, na kuwa mtu ambaye neno lake huuliza bei.

"Nimesema kunyweni," akasema. "Kunyweni."

Wakanywa.

Walipotoka, Abu Qutayba alibaki nyuma langoni. "Nisikilize. Shamba langu la zeituni linapakana na kiwanja. Mkandarasi analitaka, lakini hanunui kesi ikiwa mahakamani. Nitawajengea watoto nyumba kwa kitu gani? Nyumba ya nani ile? Si ya mjukuu wako?"

"Ungeniambia njiani, tukila ufuta."

"Ungekataa."

"Ningekataa, na kesho yake ungekuja tena, tungegombana, ungekuja tena. Ndivyo marafiki wanavyofanya." Akafunga lango. "Yule mhandisi angalau alisema."

Rahaf alikuwa ameshaambiwa. Alimkuta babu yake akikusanya finjani, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani mwake.

"Nitawaambia simtaki," akasema. "Hapo posa imevunjika kwa mkono wangu, si kwa neno lako. Pingamizi linabaki."

"Unamtaka au humtaki?"

Rahaf akaokota finjani moja, akampa.

"Kijana alijua?"

"Hakujua. Amelia kwenye simu, Babu. Anasema hatamsemesha baba yake."

"Basi huyo ni wako. Usimwache kwa ajili ya mawe." Akaziweka finjani kwenye beseni. "Lakini ile Ijumaa ya kahawa ungeizima simu."

"Uliniambia chapa."

"Niliwahi kukosea hivyo?"

"Mara nyingi," akasema Rahaf, kisha akamkumbatia, na mzee hakumzuia.

Jumapili alikwenda mahakamani kwa miguu akaondoa pingamizi. Karani aliuliza sababu. Akamjibu kuwa alikuwa na wageni.

Sherehe ya uchumba ilifanyika kiwanjani, kwa kuwa Abu Sattam alisema kama ni ya mwisho basi ifanyike pale. Hema lilisimamishwa, na nyuma yake mashine za mkandarasi zilifunikwa turubai, adabu ya siku moja. Ijumaa mbili zilikuwa zimepita ukurasa wa mji ukiwa hauna maoni yake, na watu walikuja pia kumtazama uso.

Akachukua mdila mwenyewe, akaanzia kulia. Kwa meya alitia kidogo, kama desturi. Meya hakuwahi kuwa rafiki yake. Kwa mzee mnene akatia kidogo. Alipofika kwa Abu Qutayba alimimina, akaendelea kumimina, mpaka kahawa ikasimama juu ya ukingo wa finjani.

Maongezi yalikatika kuanzia karibu, yakaendelea kukatika mpaka mwisho wa hema.

Abu Qutayba aliitazama finjani. Angeweza kuinywa na kwenda zake, kama ilivyomwambia. Badala yake aliinama, kahawa ikimmwagikia vidoleni, akaiweka chini kwenye mkeka bila kuionja. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nina haja kwako, Abu Sattam," akasema.

Hapakuwa na mtu pale asiyejua jibu lake. Walikuwa wamelisoma. Rahaf, aliyesimama na wanawake kwenye mwanya wa pazia, alishika kitambaa kwa mikono miwili.

Abu Sattam hakuketi.

"Haja gani?" akauliza.

Akasubiri, mdila mkononi, kama muuza duka anavyomsubiri mteja aseme.