Wa Kunipokea Hajafika

Jumatatu saa nne asubuhi Mzee Geti alikuwa ameketi sebuleni, miguu yake imelazwa juu ya stuli yenye mto, akijifunza kunyata. Aliyenyata hasa ni mtu wa kwenye televisheni, mwenye nguo nyeusi na kitambaa usoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia kwenye majengo ya wenyewe bila kuonekana. Pedi ya kuchezea gemu ilikuwa mikononi mwa Mzee Geti, na binti yake alikuwa ameinama nyuma ya kiti akimwelekeza.

“Huyo mlinzi akigeuka, baba, unampitia nyuma. Halafu unabonyeza hiki cha duara, unamkaba shingo.”

“Nimkabe kwa kosa gani?”

“Hana kosa. Ndivyo gemu inavyochezwa.”

“Mtu yuko kazini,” alisema Mzee Geti, akaweka pedi mapajani ili afikiri.

Gemu yenyewe ilikuwa na sehemu saba. Ya kwanza ilitoka binti akiwa darasa la pili, ya saba ilitoka mwaka jana, na zote alikuwa nazo. Sasa alikuwa mtaalamu wa maabara, amepata kazi katika mji ulio mwendo wa siku mbili kwa basi, na angeondoka Jumamosi ya wiki ya tatu, saa kumi jioni. Mashine ya gemu alimwachia baba yake. Daktari alikuwa ameagiza miguu iliyovimba ipumzishwe wiki tatu, na binti alimjua mzee wake. Asipopata kitu cha kumshika kitini, angekwenda kusimama kwenye geti la nyumba yake mwenyewe.

Mzee Geti alikuwa mlinzi wa mchana kwenye ghala la magodoro. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelinda magodoro ya kutosha kulaza mji mzima, na hakuwahi kupewa hata kiti. Kampuni ya ulinzi ilisema mlinzi anayekaa ni mlinzi anayelala. Ilisema pia kwamba mlinzi haachi lindo mpaka apokelewe, na hilo Mzee Geti alilishika kama dini. Zamu yake iliisha saa kumi na mbili jioni, lakini wa kumpokea alichelewa saa mbili, saa tano, mara nyingine hakutokea kabisa, na kampuni haikutuma mwingine. Kila ilipotokea hivyo Mzee Geti aliandika kwenye daftari la zamu: Wa kunipokea hajafika.

Aliandika hivyo siku mama yake alipofariki. Aliandika hivyo siku binti yake alipohitimu chuo. Binti alipokuwa mdogo, kila akiuliza baba yuko wapi, mama yake alimjibu, “Hajapokelewa.” Mtoto alikua akidhani kutopokelewa ni ugonjwa, na shuleni aliwahi kumweleza mwalimu kwamba baba yake anao.

Likizo ya ugonjwa ilikuwa inaisha Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Mzee Geti alimpigia simu msimamizi wake kuomba saa tatu tu za Jumamosi, amsindikize mtoto. Msimamizi alikuwa mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

“Tafuta wa kukupokea, mzee wangu,” alisema. “Ukimpata, nenda na baraka zangu.”

Siku mbili za kwanza mtu mwenye nguo nyeusi alipigwa risasi mara arobaini na moja, kwa sababu Mzee Geti alimpitisha mlango mkubwa na kumsimamisha mbele ya walinzi kama mgeni mstaarabu. Siku ya tatu alibadilisha mtindo. Alimficha mtu wake kwenye kona ya giza, akaacha kubonyeza chochote, akamtazama mlinzi kwa jicho la mwenye fani. Hatua sita kwenda, hatua sita kurudi. Goti la kushoto la yule mlinzi lilikuwa linamsumbua. Hapakuwa na kiti, wala maji ya kunywa, wala choo popote kwenye lile jengo.

“Zamu ya huyu inaisha saa ngapi?” aliuliza.

“Haiishi, baba. Yupo hapo tangu gemu itoke.”

“Tangu ukiwa darasa la pili?”

“Ndiyo.”

Mzee Geti aliweka pedi kando. Kisha akamwomba mkewe amletee lile daftari jipya la zamu lililokuwa juu ya kabati. Mkewe alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi palepale sebuleni. Alimletea pamoja na kalamu, akarudi kwenye gauni alilokuwa anapinda.

Mzee Geti alimtoa mtu wake gizani. Mlinzi aligeuka, akainua bunduki, akasema, “Nani hapo?”

“Nimekuja kukupokea,” Mzee Geti aliiambia televisheni, kwa sauti yake ya getini.

Mlinzi alishusha bunduki. Alilitazama lile neno kwa muda, maana lilikuwa jipya kwake. Kisha akatoka kupitia upande wa chini wa televisheni, pale vumbi linapokusanyika, akaweka buti moja kwenye zulia.

“Viatu mlangoni,” alisema mke, bila kusimamisha cherehani.

Mlinzi huyo alikuwa wa sehemu ya kwanza, enzi ambazo walinzi wa gemu hawakutengenezwa kwa uangalifu. Uso wake ulikuwa wa pembepembe kama boksi la viatu, na vidole vyake vilikuwa vimeshikana. Hakuweza kushika kalamu atie sahihi, hivyo Mzee Geti alimpaka wino, naye akabonyeza mkono mzima kwenye daftari. Alikuwa na sentensi tatu tu maishani mwake. Alipoulizwa kama chai yake itiwe sukari, alijibu, “Labda ni upepo tu.” Alipoulizwa hali ya lindo, alijibu, “Kila kitu shwari.” Mke wa Mzee Geti alimnywesha chai kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kumwita Bwana Shwari.

Lindo haliachwi tupu. Mzee Geti alimsimamisha mtu mwenye nguo nyeusi pale alipokuwa Bwana Shwari, akamwacha asimame mpaka saa kumi na mbili jioni.

“Tangu saa tano unamtazama mtu amesimama,” mkewe alimwambia.

“Ndiyo kazi yenyewe.”

Saa kumi na mbili ilipotimu, alimwagiza mtu wake afunge mlango kwa kufuli, akaandika kwamba lindo limefungwa, akazima televisheni. Kesho yake aliendelea na mlinzi wa pili.

Hivyo ndivyo alivyozimaliza sehemu saba kwa wiki mbili na siku kadhaa. Binti alisema hajapata kumsikia mtu aliyeicheza namna hiyo, akakaa naye kila alipopata nafasi, miguu ya baba mapajani mwake. Walinzi waliotoka walikuwa kumi na mmoja. Wa sehemu ya tatu walikuwa na vidole. Wa sehemu ya tano walitoa mvuke mdomoni wakati wa baridi. Mlinzi wa sehemu ya saba alikuwa na vinyweleo shingoni na alama ya miwani puani, na aliweza kuzungumza mambo mengi, zikiwemo habari za mama yake, ambaye hakuna aliyewahi kumtengeneza. Mwisho kabisa mtu mwenye nguo nyeusi alibaki peke yake katika uwanja wenye taa nyingi, hana wa kumwogopa. Alitembea ameinama vilevile. Mzee Geti hakumlazimisha kunyooka, kwani mazoea yana taabu.

Wageni hawakusumbua. Tatizo lao lilikuwa moja, hawakujua kukaa. Walijibanza kwenye ncha ya kochi, na geti lolote la jirani likilia, wote kumi na mmoja walisimama. Mke wa Mzee Geti aliwavumilia kwa siku mbili.

“Mgeni siku mbili,” alisema siku ya tatu, “ya tatu mpe jembe.” Akawapa kopo la vifungo wavichambue kwa rangi. Yule wa sehemu ya saba alijifunza kupinda suruali. Bwana Shwari hakuweza kushika kifungo, akasimama mlangoni, na wateja wakazoea kumsalimia.

Usiku wa Ijumaa uliingia na Mzee Geti hakuwa na wa kumpokea. Wenzake wawili aliowapigia simu walikuwa kwenye malindo yao, nao hawajapokelewa. Alipovua shati alikuta Bwana Shwari amesimama karibu na sare yake iliyoning’inizwa, ameinyooshea ule mkono wake wa vidole vilivyogandamana.

“Una hakika?” Mzee Geti alimuuliza.

“Kila kitu shwari,” alisema Bwana Shwari.

Jumamosi saa nane na nusu mchana Bwana Shwari alifika kwenye ghala la magodoro, nusu saa kabla ya wakati. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mzee Geti kupokelewa mapema, na aliharibu mstari wa kwanza wa daftari kwa sababu hakukumbuka maneno ya kuandika. Kisha akaenda kituoni kwa mwendo wa miguu yake mibovu.

Binti alikuwa ameshapanda basi. Alimwona baba yake akipita kati ya mizigo, amevaa sare yake ya bluu, akashuka tena, na kondakta akalalamika. Mzee Geti alimshika mtoto wake kichwa kwa mikono miwili, kama alivyotamani kumshika siku ya kuhitimu, akalia mbele ya abiria wote bila kujificha.

“Nani amekupokea?” binti aliuliza.

“Bwana Shwari.”

“Mpe asante yangu,” alisema, na yeye sasa alikuwa analia. Basi likaondoka. Baba alipunga mkono mpaka basi likakata kona, na hata lilipokwisha kukata aliendelea kidogo.

Jumatatu usiku msimamizi alikuja nyumbani mwenyewe, kwa heshima, na barua mfukoni. Alikuwa amepita ghalani Jumamosi.

“Usinielewe vibaya, mzee wangu,” alisema. “Lakini huyu uliyemwacha hakuegemea ukuta. Hakwenda chooni. Hakuulizia chakula. Nimekaa kwenye gari nikimtazama saa moja na nusu, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi. Nasikia unao wengine.”

Walinzi wote walikuwa wamesimama, maana mlango ulikuwa umegongwa. Msimamizi aliwahesabu kwa macho, akamuuliza Bwana Shwari kama wako tayari kwa kazi.

“Kila kitu shwari,” alijibu Bwana Shwari.

“Na likizo zao?” aliuliza mke wa Mzee Geti.

“Hawajaomba, mama.”

“Hawana sentensi ya kuombea.”

Msimamizi alikubali kwamba hilo ni kweli, akaiweka barua juu ya cherehani. Ilimshukuru Mzee Geti kwa miaka kumi na tisa na kumtakia mapumziko mema. Yule wa sehemu ya saba alikuwa na sentensi za kutosha kukataa. Alimtazama Mzee Geti, akawatazama wenzake waliokwisha kujipanga mstari, akarudisha vifungo kwenye kopo. Alimwambia mke asante kwa chai, akavaa buti mlangoni. Kampuni iliwagawa katika mageti kumi na moja ya mji, na haikupanga wa kuwapokea, kwa kuwa hakuna aliyeona haja.

Sasa Mzee Geti hutoka nyumbani kila siku saa kumi na moja jioni, na stuli yake mkononi na daftari kwapani. Huenda geti moja kwa siku. Humpokea mlinzi aliyepo, humkalisha kwenye stuli, husimama badala yake saa nzima. Kampuni inajua na haikatazi. Miguu imeanza kuvimba tena, na mkewe ameacha kumsema, siku hizi humfungia chupa ya chai.

Siku ilipokuwa zamu ya ghala la magodoro, simu ililia akiwa amesimama.

“Baba, uko wapi?”

“Kazini.”

“Si walikuachisha?”

“Nimempokea Bwana Shwari. Yupo hapa amekaa, nimemvua buti.”

Mzee Geti alisikia chupa za maabara zikigongana.

“Na wewe nani atakupokea?”

Barabarani kulisikika pikipiki, aina ile wanayotumia walinzi wa kampuni kwenda zamu, na kama miaka yote Mzee Geti aliinua kichwa na kunyoosha kola. Pikipiki ilifika mbele ya geti, ikapita, ikaenda zake.

“Labda ni upepo tu,” alisema Bwana Shwari. Akainuka kwenye stuli, ingawa saa yake ya kukaa ilikuwa imebakiza dakika ishirini. Akavaa buti, akaja kusimama mahali pake, akanyoosha ule mkono ili upakwe wino.

“Baba?”

“Subiri, mama,” alisema Mzee Geti. “Naandika.”

Akafungua daftari, akaandika kwamba wa kumpokea amefika.