Majoho Thelathini ya Nieves

Alhamisi, tarehe 16 Januari 2020. Asubuhi hiyo mvua ya mawe iliupiga mji wa Puno, Peru, hadi mabati yakalia, kisha likatoka jua lisilo na joto.

Nieves Ccopa, mjane na mdarizi, alipiga ishara ya msalaba mlangoni pa hakimu wa amani. Mkononi alikuwa na joho la mahameli, moja kati ya thelathini aliyoyadarizi kwa ajili ya ngoma ya mashetani, ambayo huchezwa kila Februari katika sikukuu ya Bikira wa Candelaria. Juzi kikundi cha ngoma kilichoyaagiza kilimtumia ujumbe wa mstari mmoja: tumepata mengine Bolivia, asante.

"Mama hakimu, huyu hana mkataba," alisema Rufino Chambilla, mwenyekiti wa kikundi. "Karatasi iko wapi?"

"Kumbe bia tuliyomwaga Agosti ilikuwa maji ya kuoshea vyombo?" Nieves alijibu.

Watu waliojaa chumbani wakacheka. Huko mapatano ya kazi hufungwa hivyo: glasi ya kwanza humwagiwa Mama Ardhi, waliopo hunywa inayobaki, neno limekwisha. Ukidai karatasi baada ya hapo, umemwita mwenzako mwizi. Nieves hakudai.

Hakimu Abdona Tito alivua miwani. "Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mteja anaweza kughairi hata kazi ikiwa imeanza. Lakini akighairi, hulipa kazi iliyofanyika, vifaa, na faida ambayo fundi angepata. Ila lazima tujue kama mlikubaliana. Nani alikuwapo?"

"Melitón," alisema Nieves, na moyo wake ukatulia. Melitón Vilca ndiye aliyemsimamia binti wa Nieves siku ya ubatizo.

Melitón alisimama, kofia mkononi. Mwaka huu kikundi kilikuwa kimempa nafasi aliyoiomba kwa miaka tisa: kucheza mbele, shetani mkuu.

"Dada Nieves, siku ile nilikunywa sana. Bia naikumbuka. Maneno siyakumbuki."

"Glasi mbili, ndugu yangu! Mbili! Ukaniambia joka la mgongoni kwako liwe la dhahabu."

"Sikumbuki."

Nieves alilikunjua joho. Joka la dhahabu lilimeremeta, na chini yake jina la kikundi na mwaka 2020. Melitón aliitazama kofia yake.

"Jina kila mtu anaweza kulidarizi," alisema Rufino. "Kawashonee watu mapazia, mama."

Mapazia yenye jina la kikundi! Nani angeyanunua? Nieves alisali kimya apewe subira. Hakupewa, au labda alipewa kitu kingine.

Hakimu alishusha pumzi. "Joho linasaidia, lakini bila shahidi mimi siwezi kumlazimisha mwenyekiti alipe. Mpelekee barua ya madai kupitia mthibitishaji wa hati, kisha uende mahakama kubwa. Itachukua mwaka. Labda miwili."

"Nitakwenda," alisema Nieves. Alisimama ili hata waliokuwa kizingitini wamsikie. "Na nyote mnisikie, na Bikira anisikie. Siku ya gwaride la sikukuu ngoma hupita mlangoni pangu. Naahidi kuyatundika majoho yote thelathini ukutani, jina likitazama barabara. La kwanza litakuwa lako, Melitón. Nyuzi zangu hazinywi bia. Zitakumbuka, na wewe utacheza chini yake."